Mgeni wa Chumba Ishirini na Tatu Aliyeondoka Bila Kuondoka

Kilichoninyima usingizi usiku wa kuamkia safari hakikuwa usaili. Usaili nilikuwa nimeuogopa wiki mbili mfululizo mpaka nikauzoea. Kilichonikodolesha macho ni swali moja: katika hoteli, mwenye nyumba ni nani?

Kwetu Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, jambo hili halina utata. Ukienda kulala kwa watu, unamsalimu mwenye nyumba, unamkabidhi ulichobeba, na asubuhi unatandika, unafagia, unakiacha chumba kana kwamba hukupita. Babu yangu ni sajini mstaafu. Hadi leo hupita asubuhi kukagua vitanda vya wajukuu, mimi mwenye shahada nikiwemo, akibonyeza blanketi kwa kidole. Kidole kikizama, tunatandua na kuanza upya.

Basi likaja shirika moja la maji vijijini, likaniita Kampala kwenye usaili wa kazi. Tulikuwa waombaji sita, nafasi moja. Ili asichelewe mtu, walitupangia vyumba katika hoteli ileile ambamo usaili ungefanyika, hoteli kongwe ya enzi za wakoloni ambayo nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu. Tangu nimalize chuo, hiyo ndiyo barua ya kwanza iliyonijibu kwa kuniita. Nyingine zote zilinishukuru.

Jumatano, alfajiri, Koboko. Bibi alinipa chupa ya asali, ameifunga kwa mfuko mara tatu. "Hii ya mwenye nyumba," alisema. Babu alisimama kando ya gari, mikono nyuma.

"Wewe nakwenda kulala kwa watu," alisema. "Hapana letea sisi aibu."

Saa moja na nusu, Arua. Nilifika kituo cha basi mapema kiasi kwamba dereva mwenyewe alikuwa bado anapiga mswaki. Kiti cha pembeni yangu kilichukuliwa na wakala wa forodha kutoka Oraba, mpakani na Sudan Kusini, mtu mnene mwenye simu tatu. Aliposikia ninakokwenda, alitabasamu kama mwenyeji.

"Ile hoteli mimi najua sana. Mimi nalala pale mara mbili."

Nikafurahi. Nikamuuliza mwenye nyumba ni nani, na asali anapewa nani.

"Hiyo mimi hapana jua," alisema. "Mimi nalala inje. Ndani ya lori. Lakini ukuta iko mzuri."

Saa nne na nusu, Pakwach. Basi liliposimama karibu na daraja la Nile, akina mama waliinua samaki waliokaushwa hadi madirishani. Wakala alinunua fungu zima akaliweka kwenye rafu ya juu, palepale juu ya koti langu la usaili. Nilitumia safari iliyobaki nikipanga maneno ya kumwomba alisogeze. Tulipofika Karuma, nyani wakiwa wamejipanga kando ya barabara kama wakaguzi, maneno yalikuwa tayari na yalikuwa mazuri. Nikageuka nimwambie. Alikuwa amelala. Nikaanza kupanga maneno ya kumwamsha.

Saa kumi na moja jioni, Kampala. Hoteli ilikuwa juu ya kilima, nyeupe, na paa la vigae vyekundu. Mlangoni alisimama mzee mwenye kofia na vifungo vinavyong'aa, wa umri wa babu yangu. Akanifungulia mlango. Mtu mzima kama yule anifungulie mimi mlango? Nikaushika ule mlango nikamkaribisha apite kwanza. Akasema pita wewe. Nikasema hapana, mzee, wewe. Nyuma yetu palisimama Wazungu wawili na masanduku yao. Mwishowe tulipita sote kwa pamoja, yeye akiwa ananisukuma kidogo.

Mapokezi palikuwa na kaunta ya mbao nyeusi, na ukutani picha za zamani za watu wenye masharubu na bunduki, wameweka mguu mmoja juu ya nyati. Kijana wa mapokezi alinipa ufunguo wa chumba ishirini na tatu. Nikampa asali.

"Ungependa tukuhifadhie?" akauliza.

"Hapana, ni yenu."

"Hoteli inayo asali, madam."

Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa, na mimi nikabaki na swali langu pamoja na chupa.

Sasa nieleze chumba, maana nyumbani kila mtu ameniuliza chumba. Kitanda kilikuwa kipana kiasi kwamba ningeweza kulala juu yake kwa upana au kwa urefu bila mtu kutambua tofauti. Juu yake palikuwa na mito sita. Nilihesabu waombaji wa kazi, nao walikuwa sita, nikaogopa kwamba tungelala wote mle. Bafu lilikuwa la chuma, la zamani, limesimama juu ya miguu minne kama ya mnyama. Taulo zilikuwa nyeupe na nzito. Nikaona nikizitumia nitakuwa nimemchafulia mtu nguo zake, hivyo nikatumia khanga yangu. Mito mitano niliishusha polepole kwenye kiti, nikalala ukingoni mwa kitanda, upande mmoja tu.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi. Niliamka nikatandika. Sikutandika ovyo. Nilitandika kama anayesubiriwa na kidole cha babu. Mito niliirudisha katika mpangilio wake. Bafu nililikausha, sakafu nikaipangusa. Sikujua kama nitarudi kulala tena au la, barua haikusema wazi, na kuacha begi katika chumba cha watu bila kualikwa ni kama kujikaribisha. Nikalibeba. Mapokezi hapakuwa na mtu wakati ule. Kutembea na ufunguo wa nyumba ya watu pia si adabu, nikauweka juu ya kaunta, nikaenda bustanini kujizoeza majibu. Chai sikunywa. Niliona watu wanajipakulia wenyewe, nikahofia kwamba huenda kuna mpangilio nisioujua.

Bustani ilikuwa na miembe mikongwe na wale ndege wakubwa wa Kampala wenye upara. Mmoja alisimama mbele yangu, kichwa upande, kama profesa aliyechoka. Nilimweleza uwezo wangu na udhaifu wangu kwa zaidi ya saa mbili. Hakuridhika.

Saa nne kasoro robo. Nilikwenda ghorofa ya kwanza, kwenye chumba cha usaili. Mlangoni palibandikwa karatasi yenye majina sita. Langu lilikuwa la pili, na lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu.

Mtu mwingine angebisha mlango akauliza. Mimi nilikaa kwenye kiti cha ukumbini nikaanza kuwaelewa. Labda wamesikia harufu ya samaki. Labda kijana wa mapokezi amesema nilijaribu kumhonga kwa asali. Labda mzee wa mlangoni amelalamika. Labda wamenitazama dirishani nikizungumza na ndege. Kila sababu niliyoiwaza niliiona ya haki. Muombaji wa kwanza akatoka, wa tatu akaitwa. Nikawaza ratiba ya mabasi. Nusu saa nzima nilikaa pale, nimeshika begi, nikikosa kazi kwa utulivu.

Ndipo akatokea mama mmoja anasukuma kigari cha mashuka. Jina lililokuwa kifuani mwake lilikuwa Asiku, jina la kwetu. Nikamsalimu kwa Kilugbara changu kidogo cha Koboko. Akacheka, akajibu kwa Kiswahili. Ni mtu wa Aroi, karibu na Arua, amefanya kazi pale tangu mwanawe wa kwanza akiwa mgongoni. Akaniuliza mbona nimekaa na begi kama mtu aliyefukuzwa. Nikamwambia nililala chumba ishirini na tatu na sasa jina langu limekatwa.

Kigari kikasimama.

"Ishirini na tatu? Wewe nalala ishirini na tatu?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe nalala wapi? Kwa ukuta?" Aliniangalia kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa. "Mimi nafungua mlango asubuhi, kitanda iko ngumu kama meza. Bafu iko kavu. Taulo hapana guswa. Hata unywele moja hapana. Ufunguo iko mapokezi. Begi hakuna. Mimi naambia watu ya mapokezi, huyu mutu nafika, naangalia chumba, hapana penda, nakwenda zake. Mapokezi naambia hawa wenye kukuita."

"Niliogopa kuwachafulia, mama."

"Watu yote nachafua. Sasa kazi yangu ni nini, kama wewe nafanya?"

Hilo sikuwa nimeliwaza, na mimi nilidhani nimewaza yote. Nikamwambia nikiingia kusema kwamba nililala, wataona yeye amewapa habari za uongo. Labda ningoje hadi mwisho, niandike barua, nisimtaje. Akavuta pumzi ndefu.

"Mwanangu, mimi nakaa hapa miaka mingi, hapana mutu nafukuza mimi sababu ya shuka. Barua gani? Mlango iko hapa."

Muombaji wa nne alikuwa ndani. Kuingilia mazungumzo ya watu ni kosa. Kukosa kazi kwa sababu ya kutandika kitanda ni kosa pia, na hilo ningelazimika kumsimulia babu. Nikabisha. Mkono wangu ulibisha kwa sauti ndogo, kama anayeomba msamaha kwa mlango. Asiku akanyoosha mkono wake juu ya bega langu, akagonga kwa ngumi mara tatu, halafu akaondoka na kigari chake akiniacha peke yangu.

Ndani walikuwa watu watatu mezani. Mwenyekiti, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba, alinitazama.

"Wewe ni nani?"

Nikataja jina langu. Akatafuta kwenye karatasi.

"Umeondoka, wewe."

"Hapana. Nilitandika."

Ilibidi nieleze. Nilianzia kwa babu, kwa kuwa sikuona pengine pa kuanzia. Muombaji wa nne alikuwa bado ameketi pale, akisikiliza kwa hamu kuliko wote. Mwenyekiti akaniambia ningoje, nitakuwa wa mwisho.

Zamu yangu ilipofika, majibu niliyomsomea yule ndege hayakuhitajika hata moja. Mwenyekiti aliuliza jambo jingine.

"Ulikaa nje nusu saa jina lako likiwa limekatwa. Kwa nini hukuuliza?"

"Nilidhani mna sababu."

"Kijijini utakuta pampu imekufa mwezi mzima, na kila mtu amenyamaza kwa sababu anadhani mwenzake ana sababu. Utafanya nini?"

Nilitaka kusema nitachukua hatua za haraka. Nikasema kweli: pengine ningeanza kwa kukaa dakika chache, kisha ningebisha. Wakacheka wote watatu, na mmoja akaandika kitu. Nilikitafakari kile kitu hadi jioni.

Ijumaa asubuhi, kuondoka. Tulikuwa tumepewa usiku wa pili. Nilioga nikajifuta kwa taulo, nikanywa chai na mayai. Kitanda nilikiacha vilevile, shuka limekunjamana, jambo lililoniuma. Asiku alipokuja na kigari nilimpa asali. Hakuuliza ni ya nini. Alifungua, akaonja kwa kidole, akasema, "Hii ya Koboko," akaificha chini ya mashuka. Swali langu likawa limejibiwa.

Saa kumi na moja jioni, Arua. Basi lilikuwa linaingia mjini simu ilipolia. Ilikuwa sauti ya mwenyekiti. Kazi ni yangu, alisema, ila nichague: ofisi ya Kampala, yenye meza na feni, au kituo cha Arua, chenye pikipiki na pampu zilizokufa. Nifikirie hadi Jumatatu.

Nilijua Jumatatu hiyo ingekuwaje. Ningechora mistari katikati ya karatasi, faida huku, hasara huku, na kufikia Jumapili ningekuwa nimegundua kwamba sistahili zote mbili. Katika siku tatu nilikuwa nimewajali watu wengi kwa kunyamaza, na katika wote hao hakuna aliyenufaika na ukimya wangu.

"Arua," nikasema.

Mwenyekiti akauliza, "Hutaki kufikiri kwanza?"

"Nimeshafikiri," nilisema, ingawa haikuwa kweli.

Kituoni gari la Koboko lilibakiza nafasi moja, na utingo alikuwa ameshanyakua begi langu. Nikamwambia alirudishe, siendi leo. Akaniuliza kama nina hakika. Nikalichukua begi, nikapanda bodaboda kwenda Pajulu, pembeni ya mji, kutafuta chumba cha kupanga.