Gorfa Iliyooshwa kwa Sabuni

Miaka ya vita vya Shifta nilifundisha watoto wadogo mjini Isiolo, katika kibanda cha mabati kilichokuwa zamani ghala la ngozi. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu nikitarajia darasa la juu. Nikapewa watoto ambao wengine wao hawakujua kufunga vifungo vya mashati yao. Kuhusu vita vyenyewe nitaandika niliyoyaona tu, nayo ni machache: kizuizi barabarani, malori ya askari, amri ya kutotoka nje usiku, na familia zilizoletwa kutoka upande wa Sericho na Biliqo zikiwa hazina hata mbuzi mmoja. Mengi mengine yaliyosimuliwa siku zile yalisimuliwa na watu ambao hawakuwapo yalipotokea.

Mwenzangu katika kazi ile alikuwa mama wa Kimeru, mjane, aliyewapikia watoto na kuwalea. Alipenda usafi kama wengine wapendavyo sala. Tulifanya kazi kwa kufuata majira, kwa kuwa vifaa vingine hatukuwa navyo. Kiangazi tulisuka majani ya mkoma: pete, vipepeo vya kupepea moto, na mikeka ambayo haikutosha hata kulaliwa na paka. Mahindi mabichi yaliposhuka kutoka nyanda za juu, watoto waliyapukuchua kwa vidole, wakayatia chunguni wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akidai kwamba yake ndiyo yaliyoiva kwanza. Mvua iliponyesha tulifinyanga ng'ombe kwa udongo wa kingo za mto. Watoto wa wafugaji waliwapa ng'ombe wao nundu na pembe. Watoto wa wakulima waliwapa viwele vikubwa kuliko miguu. Palikuwa na ubishi mkali juu ya jambo hilo, na sikuuingilia.

Katika watoto hao alikuwamo msichana wa miaka kama minne, aliyelelewa na bibi yake baada ya kufika mjini kutoka Sericho. Hakusema neno. Alikula chakula cha mchana chote, kisha akafuta bakuli kwa kidole. Nilimuuliza bibi yake, si jirani, mtoto hula nini jioni. Akanijibu bila kuona haya: "Chai, mwalimu. Ikipatikana." Tangu siku hiyo nilijua kwamba siku atakayokosa kuja shuleni ni siku atakayoshinda na njaa.

Mwaka mmoja mvua ndefu ilinyesha vizuri, na familia moja ya mjini iliyobakiwa na ng'ombe ikatupa maziwa. Bibi yule alipoyaona alirudi kwake, akaleta gorfa. Kwa wasioijua, hiki ni chombo cha maziwa cha Waborana, kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, kikakazwa hata hakivuji. Hufukizwa kwa makaa ya mti maalumu ndani yake, mwaka baada ya mwaka, mpaka kinakuwa cheusi, na weusi huo ndio unaoyapa maziwa ladha na kuyazuia yasiharibike. Yake alikuwa amepewa na mama yake siku ya kuolewa. Katika nyumba yote aliyoiacha, hicho ndicho alichokibeba.

Tulitia maziwa, tukayaacha yagande, kisha watoto wakakaa duara na kupokezana gorfa, wakiitikisa magotini huku bibi akiimba. Siagi ilipotokea, msichana yule alicheka. Nilikuwapo, sikuambiwa. Bibi akatuachia gorfa hadi kesho yake.

Mama wa Kimeru alipofunga kazi jioni ile, aliifungua gorfa akachungulia. Akachukua maji ya moto, sabuni ya mche na mchanga, akasugua. Asubuhi tuliikuta imeanikwa juani juu ya ua, rangi ya majani makavu, imelegea kama kikapu cha sokoni.

Bibi alifika akimshika mjukuu wake mkono. Aliitazama, akaishika, akainusa.

"Nani amefanya hii?"

"Ni mimi, nyanya," alisema mama, akitabasamu bado. "Ilikuwa chafu sana ndani. Nyeusi kabisa! Nimesugua mpaka vidole vikauma."

"Wewe umeosha mama yangu," alisema bibi, "umemtupa na maji ya vyombo."

Akaondoka na gorfa na mtoto.

Hadi adhuhuri mji ulikuwa na habari zake. Wengine walisema Mmeru yule amepaka gorfa mafuta ya nguruwe. Wengine walisema ametumwa. Muuza duka mmoja, mtu mzima mwenye miwani, alinieleza kwamba sabuni ile ilitiwa dawa ya kuwatoa watoto katika dini yao.

"Uliiona hiyo dawa?" nilimuuliza.

"Watu wote wanajua, mwalimu."

"Sikukuuliza wanajua nini. Nimeuliza wewe uliona nini."

Akapanga upya viberiti vyake. Lakini kesho yake nusu ya watoto hawakuja, na bakuli la msichana yule lilibaki rafuni likiwa safi.

Mama alikaa jikoni bila kupika. "Mimi si mtu mbaya, mwalimu. Kwetu ukirudisha chombo cha mtu na uchafu, ni matusi."

"Najua. Yeye hajui. Nenda ukamwambie wewe, si mimi."

Tulikwenda wote wawili. Bibi alikaa mbele ya kibanda chake, gorfa miguuni, na mtoto nyuma yake akitafuna ncha ya shuka. Tulimsalimu, "Salaam aleikum," naye akaitikia, kwa kuwa salamu haikatazwi. Mama hakujitetea. Aliuliza swali moja tu: "Nyanya, hii inarudi aje?"

"Hairudi. Inataka mti." Akautaja kwa Kiborana, akatueleza majani yake, membamba, chini yana rangi ya fedha. "Hapa hakuna. Iko milimani, na mimi mlimani sipiti. Pale kizuizini watanirudisha."

Mama aliruka kama aliyeumwa na siafu. "Huo? Huo uko nyuma ya shamba la kaka yangu! Sisi tunachomea mkaa!"

"Mnachoma *mkaa*?" Bibi alimgeukia, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake ukikaribia kicheko. "Nyinyi watu, mnaosha kitu ya kufukiza, halafu mnachoma mti ya kuosha."

Ulikuwa mzeituni mwitu. Mama alipewa ruhusa ya kusafiri, akapanda kwao, akarudi na mzigo mgongoni. Kwanza bibi aliichemshia gorfa magome ya mgunga ili nyuzi zikaze tena. Kisha ikawa kazi ya shule nzima. Watoto waliponda ncha za vikonyo vya mkoma kuwa burashi. Vile vipepeo vya kiangazi, ambavyo nilikuwa nimevidharau, vikapata kazi motoni. Bibi alitia kaa ndani, akafunika, akatikisa, akasugua kwa burashi, akamwaga majivu. Waliokuwa wamekatazwa kuja walichungulia uani, kisha wakaingia, na baada yao mama zao.

Maziwa ya kwanza bibi aliyaonja, akatema. "Sabuni."

Kesho yake akarudi na mtoto, akafukiza, akaonja. "Bado."

Hivyo ndivyo msimu ule ulivyopita. Kila asubuhi bibi alikuja kukagua gorfa yake, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwachia mjukuu, mjukuu alikuja naye, akala mchana. Kila siku "bado." Nilianza kushuku kwamba sabuni ilikwisha zamani, lakini sina ushahidi, basi sisemi.

Mvua ilipokaribia kukatika, alionja, akaonja tena. Akampa mama kikombe.

"Kunywa."

"Nyanya, hiyo ni moshi mtupu."

"Kunywa. Mti ni wako."

Mama akafumba macho, akanywa hadi mwisho, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Watoto walijitupa chini kwa kicheko. Bibi akaifunga gorfa kifuniko, akaitia begani, akaenda zake bila kuaga, na sisi wawili tukabaki tukitazamana. Hakuwa tena na sababu ya kuja.

Asubuhi iliyofuata nilisimama mlangoni mapema kuliko kawaida. Harufu ya moshi ule ilikuwa bado katika mabati. Hata leo nikipita penye mkaa wa mzeituni, nasimama. Watoto walikuja kwa makundi yao. Kisha nikamwona msichana yule akikata kiwanja peke yake, hakuna aliyemshika mkono, burashi yake ya mkoma mkononi. Alinipita bila salamu, akaenda moja kwa moja rafuni, akachukua bakuli lake.