Sasaivi, Weka Maji

Deolinda Ovelar, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara hapa Itaugua, alikuwa na jambo lake ambalo mwaka mzima alidhani ni siri. Kila jioni, vumbi jekundu likitulia na ndege wakirudi kwenye michungwa, aliweka chini fremu yake ya lesi, akatoa simu kwenye mfuko wa aproni, akaandika neno moja: nakuja. Kisha akangoja. Simu ikamalizia yenyewe: sasaivi weka maji. Aliyatazama maneno hayo kama mtu anavyotazama mvua ikinyesha, halafu akayafuta, herufi kwa herufi, bila kumtumia mtu yeyote.

Mimi niliona yote. Kibaraza changu kinatazamana na chake, na macho yangu, ashukuriwe Bikira, bado yanafika mbali.

Maneno yale yalikuwa ya marehemu mumewe, Sinforiano, fundi wa pampu za visima. Nilisoma naye. Mimi nilimaliza darasa la sita kwa mwandiko wa kusifiwa. Yeye aliacha la tatu, siku mwalimu alipomchapa kwa kuomba maji kwa Kiguarani, lugha ya nyumbani. Uzeeni akanunua simu, akamkuta mwalimu yuleyule amejificha ndani yake. Akiandika hivi, simu inamgeuzia vile. Anafuta, anaandika tena. Simu inageuza tena.

"Mimi ndiye mwenye kidole!" alikuwa akiifokea, ameketi juu ya sanduku la spana, kofia kisogoni. "Wewe umenijia nyumbani kwangu juzi tu!"

Mwishowe aliyechoka ni simu. Ikajifunza makosa yake yote, ikayashika kana kwamba ni sala. Na kosa lililozoeleka kuliko yote ni lile alilomtumia Deolinda kila alipofunga kazi: nakuja sasaivi weka maji. Maji ya yerba, majani yetu ya kunywa kwa mrija, maana hakuingia nyumbani bila kunywa. Ila sasaivi yake ilikuwa ndefu! Njiani alisimama kwa huyu, akakaa kwa yule, na birika la Deolinda likakauka, likajazwa, likakauka. Alipofika alikuwa akisema, "Bibi, maji yako mbona baridi?" Deolinda akamrushia taulo.

Alianguka akafa kando ya kisima cha jirani mmoja, mchana kweupe. Wakamletea Deolinda kofia na simu. Kofia akaitundika. Simu akaanza kuitumia yeye, hata picha ya marehemu hakuibadilisha, kwa hiyo kila alipoandika kwenye kundi la mtaa tulimwona Sinforiano anatutabasamia chini ya kofia.

Ndipo visa vilipoanza. Mama mmoja wa Asunsion, mwenye harusi ya binti yake, alipokea ujumbe: Lesi yako imekamilika nakuja sasaivi weka maji. Akajibu, "Maji ya nini, mama? Sisi hapa tunakunywa kahawa." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Deolinda naye alicheka, lakini mkono wake ulikuwa juu ya mfuko wa aproni, kama anayefunika kifaranga.

Mwaka wa msiba ukakaribia kuisha. Hapa kwetu siku hiyo watu husali mbele ya altari ya ngazi, msalaba wa marehemu huvikwa kitambaa cha lesi, na mjane huvua nguo nyeusi. Nusu ya misalaba ya makaburini imevikwa na mikono ya Deolinda. Wa mumewe tu ndio ulikuwa bado uchi. Nimia, binti yao, akaja kutoka Buenos Aires na simu mpya ndani ya boksi, na siku hiyohiyo nikasikia sauti zao zikivuka barabara.

"Mama, tazama hii betri! Imevimba kama mkate wa chipa tanurini. Itakulipukia mfukoni."

"Haijanilipukia."

"Unangoja ikulipukie ndiyo uniite? Picha zote nitakuhamishia. Za baba zote."

"Na yale anayosema?"

Nimia alijua. Kumbe sikuwa mimi peke yangu.

"Yale hayahami, Mama," akasema, sasa polepole. "Simu hii ikizimwa haitawaka tena, yamekwenda nayo."

"Basi iache mpaka siku ya msalaba. Tukimaliza sala, zima."

Tangu hapo Deolinda alishona kama mtu aliye usingizini. Lesi yetu ya utando hushonwa juu ya kitambaa kilichobanwa kwenye fremu. Uzi ukishasuka maua yake, kitambaa cha chini hukatwa, na lesi ikabaki inashikwa na hewa. Alishona maua ya mpera, moja likimzaa jingine, na mchana mwingine nilipomwangalia sikuweza kujua kama anashona au anaota. Lesi ikakamilika. Kitambaa hakukikata.

Alfajiri ya sala, ukungu ulikuwa bado umelala barabarani. Mimi nilikuwa kanisani na Nimia, tumepanga mishumaa na chipa kwenye ngazi za altari, msalaba wa Sinforiano umeletwa, bado uko wazi. Nikaandika kwenye kundi: "Deolinda, tunakungoja wewe na lesi yako. Uko wapi?"

Simu ikalia. Sura ya Sinforiano, kofia kisogoni: Nakuja sasaivi weka maji.

Nimia aliisoma begani kwangu. Akaketi kwenye benchi.

"Hakufuta," akasema.

"Hakufuta," nikasema.

Sijui nani alianza. Hakuna aliyeandika neno. Lakini nilipotoka mlangoni niliona moshi ukipanda kwenye jiko moja, kisha la pili, mtaa mzima, na baada ya kitambo watu wakaanza kutokea ndani ya ukungu, mmoja mmoja, kila mtu na chupa yake ya maji ya moto kwapani. Walikuja hata wasiosali. Alikuja yule mwenye kisima alikoangukia Sinforiano. Walitembea, mvuke ukiwatangulia, na mimi, mzee wa kuona mengi, nilisimama pale nikamtafuta kati yao mwenye kofia.

Aliyetokea nyuma yao wote ni Deolinda. Lesi ilikuwa mikononi mwake, imekatwa, nyeupe, hewa inapita katikati ya maua. Alipoona zile chupa akasimama.

"Nyie! Mmeyaweka kweli?"

"Amesema tuweke," akajibu mwenye kisima. "Safari hii amewahi."

Tukacheka, tukalia, tukasali. Msalaba ukavikwa. Kikombe cha yerba kikazunguka na mrija wake mmoja, mkono kwa mkono, na maji hayakuisha. Kisha Deolinda akatoa simu mfukoni, akamkabidhi binti yake. "Zima."

Jioni nilimwona kibarazani, amevaa gauni la bluu, simu mpya mkononi. Aliandika kitu, akakunja uso. Akafuta. Akaandika tena. Akafuta.

"Inasemaje?" nikamwuliza kutoka kwangu.

"Inajifanya mwalimu!" akanipazia sauti. "Namwandikia Nimia aje tunywe, inanigeuzia sasaivi yangu."

"Na wewe?"

Alikuwa ameshainamisha kichwa, kidole juu, anaandika upya. Ndani mwake nikasikia birika linaanza kuimba.