Kibodi ya Baba

Enzi za ruksa, biashara huria iliporuhusiwa, maduka yalichipuka Kariakoo, na baba yangu aliyaandikia vibao kwa brashi. Shuleni nilipotakiwa kuchagua sanaa au kompyuta, nilitaka sanaa. Baba akang'aka, "Chukua kompyuta! Ya brashi niachie mimi."

Kompyuta yenyewe ilikuwa moja shule nzima, eti tuitazame tu tusiiguse. Basi baba akanichorea kibodi kwenye kipande cha ubao, nifanyie mazoezi nyumbani. Herufi zilipendeza, zina vivuli kama za dukani, ila alizipanga A, B, C, D. Nilishindwa kumwambia. Kila jioni alikaa akiangalia vidole vyangu, anatabasamu.

Siku hizi vibao vinatengenezwa kwa kompyuta, na yeye hayupo. Nikichapa neno "baba", vidole bado vinaitafuta B ubavuni mwa A.