Fomalini Kabla ya Maiti

Kwanza nilisikia madumu matupu yakigongana huko nje, kisha breki ya baiskeli ikilia. Ndipo nikachungulia dirishani mwa maabara na kumwona tonton, kaka wa mama yangu, akiiegemeza baiskeli ukutani. Nilishangaa. Tonton alifanya kazi katika chumba cha maiti cha hospitali, na siku zote sisi ndio tuliomwendea. Fomalini yetu, dawa ile ile anayotumia yeye kuzuia miili isioze, ilikuwa imezeeka, imeganda weupe chini ya chupa. Kila tulipoihitaji iliyo safi, nilivuka mji na kichupa mkononi, naye akanimiminia kidogo ya kwake huku akinitania kwamba wafu wake wataanza kunung'unika.

Fomalini hiyo ilikuwa kamba yetu. Mwalimu wangu aliamini kwamba ndani ya jani la muhogo, protini ya virusi vinavyolikunja jani huigusa protini moja ya mmea. Ni mguso hafifu, mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha zinaachana. Ukiipasua seli uzitafute, utazikuta kila moja kivyake, kama watu wasiojuana. Lakini ukitia matone machache ya fomalini wakati ule ule zinapogusana, zinafungwa pamoja. Halafu unazipitisha kwenye jeli kwa nguvu ya umeme: zilizo peke yake hushuka upesi, zilizofungana hubaki juu. Masomo yangu yote yalikuwa ni kuutafuta huo mstari mmoja wa buluu uliobaki juu. Mwalimu alisoma maelezo yangu akicheka.

"Hii ni kazi ya labo, mama, ao ni hadithi ya mapenzi?"

Siku ile tulikuwa na protini ya virusi ya mwisho. Ilitoka kituo cha utafiti cha Yangambi ndani ya chupa ya chai, na mashua iliyoileta haikuonekana tena mtoni. Uasi ulikuwa umeutenga mji na kila mahali. Majeshi mawili ya kigeni, yaliyokuja pamoja kuwasaidia waasi na kunywa bia meza moja kule Makiso, sasa yalikaa kila moja ng'ambo yake ya barabara, bunduki mapajani. Wauzaji walifunga vibanda jua likiwa bado kali, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Sisi tulikuwa tumeshazichanganya protini zetu. Kineli, kichupa chembamba chenye mchanganyiko huo, kilisimama ndani ya barafu tuliyoinunua kwa wauza samaki, nayo ilikuwa ikiyeyuka.

Tonton aliingia bila kuvua kofia.

"Papa Profesa, fomalini yote yenye muko nayo, naomba."

"Leo dunia imegeuka!" mwalimu alisema. "Kwani nani amekufa?"

"Bado."

Mwalimu aliweka miwani mezani.

"Hata mutu moja bado," tonton aliendelea. "Jana ofisa wa jeshi moja alikuja kuniuliza maiti ngapi zinaweza kukaa kwangu bila kuoza. Leo asubuhi akakuja wa jeshi ya pili. Ulizo ni ile ile. Hakujua kama mwenzake alishapita. Bon, mimi nimeelewa."

"Yetu imeganda, tonton," nilisema.

"Wafu hawachagui." Akaanza kuimimina ndani ya dumu. "Na wewe, vua hiyo koti. Mama yako iko anakungojea Kabondo. Twende sasa."

"Niache kwanza nitie matone ya ile safi uliyonipa. Dakika chache tu. Halafu jeli, hadi jioni..."

"Jioni!"

Alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, polepole, na nikatambua kwamba hivyo ndivyo anavyowapima watu kazini kwake. Hata hivyo nilitia matone. Maji ndani ya kineli hayakubadilika rangi. Mwalimu akaniondolea mkononi kile kibomba cha kudondoshea.

"Nenda, mama."

"Na wewe, papa?"

"Nyumba yangu iko katikati ya hayo majeshi mawili. Hapa angalau kuna ukuta." Akajaribu kutabasamu. "Tena hizi zimeshaanza kushikana. Zikiachwa peke yake, nani atazitazama?"

"Ni mimi niliyepaswa kuuona ule mstari."

"Ukitokea, nitakueleza. Bila mapenzi ndani yake."

Nililitundika koti. Niliinama mara moja tu juu ya kineli, nikaona maji matupu. Kama zilikuwa zimegusana, zilikuwa zikigusana bila mimi. Mwalimu alikuwa ameshaiinamia saa yake, akihesabu kwa sauti ya chini, na aliponipungia mkono hakuinua macho. Tonton alinitanguliza nje, jua likatupiga usoni, barabara nzima ikiwa haina mtu. Akauvuta mlango nyuma yangu mpaka ukafungika.