Perege wa Zuhura

Majuzi pale Mikumi nilimnunulia mwanangu tangi la samaki la lita sitini, pamoja na chujio linalonguruma taratibu. Muuzaji akaniambia, "Maji ya bomba yaache siku nzima kwanza, kaka. Dawa iliyomo inaua samaki."

Nikakumbuka mchana ule wa utotoni kule Ruhembe, moshi wa miwa iliyochomwa ukinuka hadi uani. Kipindupindu kilikuwa kimeingia, na dada yangu Zuhura alikuwa amepelekwa hospitali. Aliniachia perege wake kwenye ndoo.

"Nitunzie mpaka nirudi," alisema.

Mama alikuwa akitia kidonge kwenye kila ndoo ya maji ya kunywa. "Hiki ndicho kitakachotukinga," alituambia. Nami nikachukua kimoja, nikamtilia perege. Harufu kali ikapanda. Perege akazunguka mbio, nikadhani anafurahi. Jioni alikuwa anaelea kwa ubavu.

Zuhura hakurudi. Kwa miaka mingi niliamini ni kwa sababu nilishindwa kumtunzia samaki wake.

Maji ya tangi yana siku ya nne sasa. Mwanangu anauliza samaki wataingia lini. Namwambia, bado kidogo.