Bawa la Kushoto Lililokataa Kunyooka

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa biro iliyokwisha wino. Nilikuwa fomu tu, yaani kidato cha pili, mgeni katika klabu ya ndege za karatasi ya shule yetu, huku kwa majani chai, si mbali na Kapkatet. Nilidhani wananicheka. Niliitazama ile biro, nikamtazama aliyenipa, nikanyamaza, maana mimi kunyamaza ndiyo tabia yangu.

Aliyenipa alikuwa Fundi Mkuu, jina lake Awino. Tulikuwa darasa moja. Baba yake anafanya kazi kiwanda cha majani chai, na wao hukaa nyumba za kampuni.

"Hiyo si ya kuandika," akaniambia. "Ni ya kukwaruza. Weka rula, pitisha ncha juu ya mstari, finya kidogo tu. Ukikata manila umeua bawa."

Ninyi mtakaokaa kwenye viti vyetu mjue hilo kwanza. Karatasi ngumu ya manila haikunjwi kwa vidole hivi hivi. Ukiikunja bila kuikwaruza, inavunjika vibaya na mkunjo unakuwa na meno. Halafu kuna ulimi, yaani kile kipande kidogo cha pembeni kinachopakwa gundi kishike upande wa pili. Wageni hukata ndimi zote wakidhani ni takataka. Mimi nilizikata. Awino aliokota moja baada ya nyingine kutoka sakafuni, akaziweka kiganjani mwangu, akasema, "Sasa ndege yako itashikwa na maombi."

Nilipofika fomu thrii Patron, mwalimu wetu wa fizikia na mlezi wa klabu, alinipa cheo. Nikawa Mtunza Stoo. Stoo ilikuwa chumba kidogo nyuma ya maabara, kina dirisha moja na unyevu wa kila siku. Mnajua mvua ya kwetu. Asubuhi jua, saa za mchana wingu linashuka, jioni hata daftari linakuwa laini kama limelambwa. Kazi yangu ilikuwa kufunga mlango, kufungua mlango, kuhesabu mikasi, na kuhakikisha manila imelala chini ya atlasi nzito isijikunje. Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Haikutaka maneno. Ufunguo niliuvaa shingoni, chini ya sweta.

Mwaka huo Mwenyekiti alikuwa Kiprono wa fomu foo. Kiprono alikuwa na mkono mzuri, siwezi kumnyima hilo, lakini hakumwamini mtu. Aliandika jina lake hata chini ya rula. Akaamua tutengeneze ndege moja kubwa ya kurushwa kutoka jukwaani siku ya zawadi, wazazi wakiwa ndani ya ukumbi. Kiunzi tulifanya pamoja. Bawa la kulia alipewa Awino, na la kushoto akalichukua yeye mwenyewe. Mabawa yalikuwa ya kuchomekwa, unaweza kuyatoa na kuyarudisha. Kiprono alilimaliza la kwake mapema na kulipaka vanishi upande wa juu ili ling'ae wazazi wakiliona. La Awino lilibaki manila tupu.

"Hutapaka?" Kiprono akamuuliza.

"Ndege inaruka, haiendi harusi," Awino akamjibu.

Nadhani hapo ndipo shuku ilipoingia chumbani, ikakaa.

Jumatatu moja wakati wa lanchi tulikuta bawa la kushoto limepinda. Ncha yake ilikuwa inaangalia dari. La kulia lilikuwa limenyooka vilevile. Tukalilaza chini ya atlasi, na kufikia Alhamisi likakubali kunyooka. Jumatatu iliyofuata likapinda tena. Na nyingine tena.

Mara ya kwanza Kiprono aliliweka bawa mezani. Alitutazama tu. Alimtazama Awino, akaangalia vidole vyake, kisha akanitazama mimi shingoni, pale ufunguo ulipokuwa. Baada ya hapo sikuweza hata kuchukua mkasi bila kuhisi macho yake mgongoni. Awino naye alianza kuhesabu ndimi zake kabla ya kutoka. Mimi nilianza kuacha uzi mwembamba kwenye komeo la mlango, nione kama utakatika. Jumatatu ulikuwa umekatika. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Kila mmoja niliyemfikiria angeweza kuwa ndiye.

Nikiri pia nilimshuku Awino. Bawa lake halikupinda hata siku moja, na alikuwa anajua mahali pote pa kufinya manila ili ilegee. Lakini kila nikimtazama alikuwa ananitazama vilevile, kwa hivyo nikajua na yeye amenishuku.

Kesi ikafika kwa Patron. Alituita ofisini kwake, tukasimama mbele ya meza.

"Mwalimu," Kiprono akasema, "Jumatatu asubuhi bawa linakuwa sawa. Lanchi limepinda. Hapo katikati anayefungua stoo ni Chebet peke yake."

Patron akanigeukia. "Chebet, ni kweli?"

"Ndiyo, mwalimu. Ninafungua wakati wa breki niwape watu gundi."

"Na umeona nani akiligusa?"

"Hakuna, mwalimu."

"Bawa halina mikono likajipinda lenyewe," Patron akasema. Hakuwa mkali, na hilo ndilo liliniuma. "Ijumaa nitakuja stoo. Kama hakuna atakayesema ukweli, utarudisha ufunguo na upumzike kidogo na hii klabu. Sawa?"

Nilitaka kusema kwamba nyuma ya mlango wake, hatua chache kutoka tuliposimama, kuna msumari, na msumarini huning'inia ufunguo wa pili wa stoo. Niliutazama ule msumari. Ufunguo ulikuwepo. Lakini nikisema hivyo ningekuwa nimemshuku Patron mbele ya uso wake. Nikasema, "Sawa, mwalimu."

Tulipotoka, Awino akanikaribia. "Kwani ni wewe?"

"Ni wewe?" nikamuuliza.

"Zii, si mimi."

"Hata mimi zii."

Tukaendelea kutembea, kila mtu upande wake wa kijia.

Ijumaa wote walikuja stoo. Nilikuwa nimeshauvua ufunguo, uko mkononi. Nikaona afadhali nilitazame lile bawa mara ya mwisho, kama mtu anatazama nyumba anayohama. Nilitaka kuona alama ya kucha, maana mtu akipinda manila kwa mkono lazima aache alama mahali. Nikalileta karibu na macho. Alama hakuna. Lakini pua ilikuwa karibu pia, na pua ikashika kitu.

Moshi. Si wa makaa wala wa takataka. Ulikuwa ule moshi mtamu kidogo wa senetwet, mti ambao kogo, nyanya yangu, huchoma kijiti chake na kusugulia ndani ya kibuyu kabla ya kuweka maziwa ya kugandisha yanayoitwa mursik. Bawa lilinuka kama dari la jikoni kwa kogo, pale juu ya moto ambapo vibuyu hukaa pamoja na mahindi ya mbegu na kila kitu ambacho hataki kiguswe.

Nikanusa bawa la Awino. Gundi tu.

Sijui nilipata wapi sauti. "Awino, kwenu mnaweka mursik?"

"Mursik? Sisi watu wa ziwani, wa samaki?" Akacheka. "Mamangu hata harufu yake hawezi."

Nikageuka. "Mwenyekiti, kwenu je?"

"Nani huku haweki?" Kiprono akasema. "Kogo wangu anaweka. Hiyo inaingiaje hapa?"

Nikampa bawa. "Nusa."

Akalishika. Hakulinusa. Alilishika tu, na masikio yake yakabadilika rangi, na mimi nikajua hahitaji kulinusa.

"Kiprono," Patron akasema polepole.

"Sikulipinda, mwalimu! Naapa. Ijumaa nilikuwa nachukua ule ufunguo wa stoo ulio ofisini kwako nikienda kuchukua chaki. Naenda na bawa nyumbani, nampa kogo, analiweka juu kabisa, chini ya mahindi ya mbegu, mahali watoto hawafiki. Jumatatu mapema nalirudisha likiwa limenyooka kama rula. Nilikuwa naliweka salama tu."

"Salama kutoka kwa nani?" Awino akauliza.

Kiprono akatazama sakafu. "Kwenu."

 Kisha Patron akalichukua bawa, akaligeuza juu chini, akatikisa kichwa, akaanza kucheka kwa huzuni. Alitueleza, na ninyi mshike hili kuliko yote: karatasi hunywa maji ya hewa. Juu ya moto lilikauka likawa kama chapati ya juzi. Jumatatu likirudi kwenye unyevu wa stoo, linakunywa kwa kiu. Lakini juu kuna vanishi, hapanywi, chini ni manila tupu, panavimba. Kufikia lanchi ncha imeinuka. Hakuna mkono wowote ulioligusa isipokuwa ule uliokuwa ukililinda.

Tulipaka vanishi upande wa chini, tukaliacha stoo mpaka siku ya zawadi. Siku hiyo ndege ilivuta kushoto kidogo, kwa sababu ya uzito wa vanishi, ikapita juu ya kofia za kina mama, ikagusa sakafu kwa tumbo karibu na mlango. Watu wakapiga makofi. Kiprono alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Sikumlaumu, mimi pia hiyo ndiyo njia yangu.

Sasa niko fomu foo na nimestaafu. Watu huniuliza kama klabu ilirudi kuwa kama zamani. Ndege zetu zilikuwa nzuri zaidi, ndiyo. Awino ni rafiki yangu, ndiyo. Lakini bado huhesabu ndimi zake nikiwa karibu, na mimi bado huacha uzi kwenye komeo. Bawa lilinyooka kabla yetu.

Jana nilimkabidhi kazi Mtunza Stoo mpya, msichana wa fomu tu anayeongea kidogo kuliko hata mimi. Nilivua ufunguo, nikamvalisha shingoni. Nikangoja aseme asante.

Akaugeuza mkononi, akanitazama.

"Na ule mwingine," akauliza, "anao nani?"

Nikajua kazi imepata mwenyewe.