Bakuli Lisilorudi Tupu

Bi Mwanawema aliugua bila ya homa. Ndiyo maana watu wa Wingwi, kijijini kwake Pemba, walichelewa kujua kuwa anaumwa, na mwenyewe hakutaka wajue.

Alikuwa akikaa peke yake tangu alipofariki mumewe, Mzee Himid. Binti yao, Safaa, alitangulia kabla ya baba yake, na makaburi yao yako nyuma ya shamba la mihogo. Mtu akisimama mlangoni mwa jiko anayaona. Mtoto aliyebaki ni Talib, fundi umeme, anayeishi Unguja na mkewe na watoto. Mwaka uliopita Bi Mwanawema alianguka uani akateguka mkono. Talib alikuja kumtazama, na kabla ya kuondoka alisema neno lake mbele ya majirani ili lisije likapindwa.

"Mama, safari hii nakuacha. Ukiugua tena, nakuja kukuchukua."

Kwa Talib aliwahi kukaa. Ni nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu. Asubuhi wakubwa huenda kazini na watoto skuli, yeye akabaki na kuta. Jirani wa mlango wa pili alimwitikia salamu huku anashuka ngazi. Aliporudi Pemba aliwaambia wenzake kwamba kule mtu anaweza kufa asubuhi na watu wakaja kujua magharibi. Walicheka sana. Yeye hakuwa akitania.

Kwa hiyo kikohozi kilipomwanza, msimu wa mvua, alikinyamazia. Mafua yalikuwa yamepita kijiji kizima. Watoto waliyapata kwa kishindo, miili ikawaka moto, wakalia, kisha wakarudi kucheza. Yeye hakuwaka. Alichoka tu. Chakula kikapoteza ladha, magoti yakawa kama ya kuazima. Akikohoa alijiziba kwa upindo wa khanga ili sauti isitoke nje.

Majirani zake wa karibu ni wawili, Saada upande wa barabara na Laila upande wa bondeni. Wote wawili humpelekea chakula, na kwa desturi ya huku bakuli la jirani halirudi tupu. Hurudi na chochote, hata ndimu. Miaka yote Bi Mwanawema aliyarudisha mabakuli yao na mihogo, ndizi au kipande cha boga. Mvua zile pia yaliendelea kurudi yamejaa, na hilo liliwatuliza wote wawili. Mtu anayerudisha bakuli lenye chakula, yu mzima.

Asubuhi moja walikutana bombani.

"Shoga, jana Bi Mwanawema kanirejeshea bakuli na pweza wa nazi," alisema Saada. "Wallahi nimelamba vidole. Mkono wa yule haujazeeka."

Laila akatua ndoo. "Pweza? Pweza nimempelekea mie!"

"Usinitanie."

"Nikutanie kwa lipi? Na mie kanirejeshea maharage. Nikasema, leo bibi kazidisha chumvi kama Saada."

"Hayo maharage yangu! Na chumvi yangu imekukosea nini?"

Wakacheka mpaka mwenye zamu ya nyuma yao akawataka wapishe bomba. Saada ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Sasa yeye anakula nini?"

Waliziacha ndoo pale pale.

Walimkuta amekaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kitandani. Mikono imebaki mifupa. Alimtazama Saada akatabasamu.

"Safaa, mfungulie baba yako mlango. Karudi shamba huyo."

Laila alimshika paji la uso, kisha shingo. "Hana homa. Baridi tupu. Saada, haya si maradhi, huyu kaingiliwa na shetani. Tumwite mwalimu wa chuoni amwandikie kombe la aya anywe."

"Mwalimu atamkuta hospitali. Hebu mtazame anavyohema!"

Alikuwa akihema kama mtu aliyepandisha kilima na mzigo kichwani. Mvua ilikuwa imeiharibu njia, gari halikuweza kuingia. Wakamlaza kwenye gari la ng'ombe la Mzee Yussuf mpaka barabara ya lami walikopata gari, Laila akisoma dua njia nzima huku amempakata kichwa.

Daktari aliyewapokea hospitali, Shamima, alisikiliza kifua akasema ni kichomi, na kimeshika pafu moja lote.

"Lakini tumemshika, daktari, hana homa," alisema Laila.

"Homa ni mwili unapigana. Mwili wa mtoto hupigana kwa kelele. Mtu wa umri huu kinga yake imekuwa nzito, huchelewa kuamka, na pengine joto halipandi kabisa. Mzee akiacha kula, akianguka, akichanganya maneno ghafla, msingoje homa. Mleteni."

Dawa za sindano zilifanya kazi. Maneno yalirudi sawa, akaacha kumwita Saada jina la marehemu. Pumzi nayo ikatulia. Miguu haikurudi. Kukosa chakula na kulala kitandani kulikuwa kumemaliza nyama ya mapaja, na alipotaka kusimama alitetemeka akakaa.

Talib alifika na begi mkononi.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Ningesema ungenichukua."

"Ungalisema siku za mwanzo, pengine vidonge vingalitosha, ukabaki kwako."

Bi Mwanawema aligeuza uso. Akamwuliza daktari, si mwanawe: "Nitarudi kwangu lini?"

"Utakapoinuka kitini bila ya kushikwa, ukaenda chooni ukarudi peke yako. Utembee kila siku, na ule. Misuli hairudi kwa dua peke yake, bi mkubwa."

"Dua niachie mie. Wewe niandikie hayo mengine, umsomee huyu," akasema, akimwonyesha Talib kwa kidevu.

Sasa yuko kwa Talib, ghorofa ya tatu. Mchana, nyumba ikiwa tupu, hutembea ukumbini kwa kushika ukuta, akifika dirishani hupumzika na kutazama mapaa ya watu asiowajua. Saada humpigia simu baada ya adhuhuri. Siku moja aliuliza:

"Umekula, Bi Mwanawema?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Jikoni mlikuwa na wali na mchuzi wa samaki, mke wa Talib aliuacha umefunikwa. Ilikuwa rahisi kuutaja.

"Sijala, mwanangu," akasema. "Kula peke yangu kunanishinda."

"Basi inuka ukapakue. Simu usiikate. Mie n'natwanga kitunguu thomu hapa, siendi popote."

Bi Mwanawema aliiweka simu mezani, sauti ameipandisha. Alijaribu kuinuka bila ya kushika kitu, akarudi kitini. Akajaribu tena, akasimama, akangoja mpaka magoti yatulie ndipo akaenda jikoni. Aliporudi na sahani alikaa karibu na simu. Tonge la kwanza halikuwa na ladha, la pili pia. Kwenye simu mchi uliendelea kugonga, kuku wakilia, na Laila akiuliza kwa mbali kama bibi yupo. Alitafuna polepole, na kila alipoacha kutafuna, mchi nao ulinyamaza kumngoja.